Nguchiro wa Kiangazi

Saynab hakai. Ukimkuta ameketi, ujue ni mgonjwa. Nimepanga chumba kwenye ua wao tangu nilipohamishiwa shule ya hapa Ijara, na kila asubuhi naamshwa na ndara zake: kwenye banda la kuku, kwenye pipa la maji, kwenye kichuguu nyuma ya zizi, kisha kwa kuku tena. Maziwa yake ya ngamia huisha mapema sokoni, na mchana unaobaki hana pa kuupeleka.

Kiangazi hiki alizidi. Katika kile kichuguu aliishi nguchiro mwenye mkia uliokatika, na Mowlid, kaka yake mkubwa, alitaka kumuua.

Au tuseme alitaka kumuua nusu, maana Mowlid alishikilia kwamba wanyama ni wawili. Wa wakati wa mvua alikuwa wa kijivu, na ndiye aliyemuua swila kando ya mkeka wa mjukuu wa Saynab. Huyo Mowlid alimwekea maziwa kwenye kisahani kwa mkono wake mwenyewe. Wa kiangazi alikuwa mwekundu, mwizi wa mayai, na huyo alimtupia mawe.

"Hii nyekundu ni kicheche," aliniambia.

"Kicheche ni mweusi, mzee. Ana mistari myeupe mgongoni, na akikasirika anatoa harufu ya kukimbiza watu."

"Basi ni ndugu yake."

Nikamletea kitabu cha darasani chenye picha ya jamaa mdogo wa kicheche anayeishi nchi za theluji. Wakati wa joto manyoya yake ni ya hudhurungi, wakati wa baridi yanageuka meupe pe. Mowlid akacheka. "Mwalimu, na haba Ijara theluji iko wabi?" Nikafunga kitabu; yeye ni mtu anayependa kushinda.

Jibu alikuwa nalo Saynab. "Ni vumbi tu, abowe," alimwambia kaka yake. "Udongo ya kichuguu ni nyekundu, yeye analala ndani. Mvua ikija inamuosha. Angalia mkia, ni ile ile."

"Mikia inakatika mingi, walaal," Mowlid alimjibu dada yake.

Sikio la kufa halisikii dawa. Alinunua sumu ya panya akatangaza kuwa Ijumaa, baada ya swala, ataitia kwenye yai. Niliudhika, lakini ua si wangu.

Kuanzia hapo Saynab hakutulia hata kidogo. Chai ilimpoa mkononi. Alitaka amkamate nguchiro na kumwosha mbele ya kaka yake kabla ya Ijumaa. Akategesha tenga la kuku, akaweka nyama chini yake, akajibanza nyuma ya zizi. Mnyama alitoka, akanusa, akarudi zake. Saynab akahamisha tenga, akabadilisha nyama, akanijia mlangoni kuniuliza kama Ijumaa ya wiki hii haiwezi kuchelewa.

Alhamisi asubuhi nikasikia akiniita. Nguchiro alikuwa ndani ya tenga. Saynab akaniambia kwamba mnyama alitoka kichuguuni polepole, akaingia mwenyewe bila wasiwasi. "Amenizoea," alisema, na uso wake wote ulikuwa furaha.

Mowlid alikuja na birika la udhu mkononi. Saynab akampokonya, akammiminia mnyama maji yote, wakati huu ambapo maji yanaletwa na lori. Yalichuruzika mekundu, yakawa ya matope, kisha yakaanza kutoka safi. Chini ya vumbi palikuwa na manyoya ya kijivu.

"Ona anavyonyamaza," Saynab alisema. "Anajua ni mimi."

Mowlid alichuchumaa. Akainua tenga na kumgusa mgongoni kwa kidole. Nguchiro hakukimbia.

"Ni huyu," alisema. "Ni ile yangu ya maziwa." Halafu akauliza, sauti imemshuka, "Saynab, wewe umembatia yai leo?"

"Nyama tu. Yai ya nini?"

Mowlid aliinamisha kichwa. "Niliweka ile yai ya sumu alfajiri. Niliogoba Ijumaa utanizuia."

Nguchiro alikuwa amelala ubavu kwenye matope, akihema kwa shida. Saynab alilitua birika chini. Kisha, pale pale kwenye maji mekundu, Saynab akaketi.