Kwaya Iliyofuata Saa za London

Programu ya simu niliyoitengeneza kwa ajili ya shahada ya uzamili ilikuwa na kazi moja: kuwakumbusha wanakwaya wa usharika mmoja wa Kisarawe muda wa mazoezi. Nilitoka Kibaha na msimamizi wangu, ambaye angeamua kama inastahili kupita. Saa kumi jioni kanisani alikuwapo mwenyekiti wa kwaya peke yake.

Nikaomba simu yake. Mipangilio ilimtaka achague saa za eneo. Nilikuwa nimeorodhesha maeneo yote duniani, nikihofia mwanakwaya atakayehamia Fiji. Yeye aliichagulia kwaya nzima London.

“Mama, kwa nini London?”

“Si ndiko anakosoma kitinda mimba wangu?”

“Lakini programu iliuliza saa za hapa.”

“Za hapa nazijua, baba. Nisingezijua, ningefika?”

Msimamizi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Giza lilikuwa likiingia, nasi tumeshamaliza mihogo ya mama, simu yake ilipolia: saa kumi imetimia, njooni mazoezini.

“Mmeona?” akasema kwa fahari. “Haikosei.”

Msimamizi alikubaliana naye. Aliipitisha programu, kwa sharti kwamba nilifute lile swali.