Tangi Lililojaa

Dena Menza hakupenda kutembea. Ukimwona mtu mzima anapanda pikipiki kwenda dukani, na duka lenyewe liko pale pale ng'ambo ya barabara, utasema ni mvivu au ana maringo. Sisi majirani zake wa Maweni, mjini Malindi, tulisema yote mawili, tena mbele yake. Yeye alicheka tu. Alikuwa amekulia Ganze, na katika Ganze ya utoto wake maji yalikuwa mbali. Alitoka na mama yake alfajiri, wakarudi jua limeshawaka, na kesho yake safari ni ile ile.

"Miguu yangu niliimaliza nikiwa mdogo," alikuwa akituambia. "Hii iliyobaki ni ya kukanyagia gia."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji ya hoteli za pwani, kuanzia Malindi mpaka Kilifi, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Yamaha yake. Mtaliano mmoja wa hoteli alipofunga virago kurudi kwao, katikati ya miaka ya themanini, alimwachia. Ilikuwa pikipiki ya barabarani ya kwenda mbio, ya zile zinazolia kwa sauti nyembamba na kutoa moshi wa buluu. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaiendesha kama ilivyo. Dena hakuipa nafasi. Aliondoa hendeli ndefu akatia fupi za kuinamia, akasogeza vikanyagio nyuma, akakata mabomba ya moshi na kuyachomelea upya, mpaka ikawa akikaribia uwanja wa ndege, sisi wa Maweni tunasema, "Huyo anakuja." Kabibi, mkewe, akiusikia mlio huo aliteleka maji ya ugali. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuipanda. Aliapa hatapanda pikipiki yoyote maishani mwake, na ile ya mumewe aliiita mke mwenza.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Dena hakulifanyia mzaha. Injini ya namna ile hunywa oili pamoja na petroli. Ikikosa oili, pistoni hupata moto, zikafura na kukwama ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma hufunga papo hapo. Ikiwa uko kwenye mwendo mkali, utarushwa. Dawa yake ni kubana klachi mara moja ili gurudumu lifunguke. Kwa hiyo Dena aliendesha siku zote vidole viwili vya mkono wa kushoto vikiwa juu ya klachi. "Ukianza kufikiri, umeshachelewa," alisema. Vidole vile vilizoea hata vikasahau kunyooka. Alishikia kikombe cha chai hivyo hivyo, akalala navyo vimekunjwa. Kabibi alimcheka akimwuliza ni nani aliyemroga.

Basi wiki moja Dena alizidisha. Pikipiki ilikuja na kitangi kidogo cha oili na pampu yake, inayoilisha injini kidogo kidogo, nawe ukatia petroli tupu bila wasiwasi. Dena akaing'oa pampu pamoja na kitangi. Alisema ni uzito wa bure. Tangu hapo akawa anachanganya oili na petroli mwenyewe, kwenye dumu, ndipo akatia kwenye tangi. Mtu pekee aliyejua ni Kabibi, naye alijua kwa sababu dumu lilikuwa lake la maji na lilimtia uchungu kulipoteza.

Rafiki yake Gerishom hakujua. Gerishom alikuwa mtu wa bara, kutoka Maragoli, akifanya kazi ya kuunganisha simu mjini. Alikuwa na Honda ndogo, mpole kama mwenyewe, isiyotaka kuchanganyiwa chochote. Nyumba hizi mbili zilipendana. Sahani zilikuwa zikienda na kurudi kila mara, na Gerishom alikuwa amejifunza adabu ya hapa kwa Kabibi mwenyewe, kwamba sahani ya jirani huirudishi tupu. Ikikujia na pilau, irudi na maembe. Ukikosa kabisa, utatia ndimu.

Ijumaa ile Honda ilikuwa na pancha, na mfanyakazi mwenzake alikuwa amefiwa huko Mambrui. Gerishom akaiazima Yamaha kwa Dena. Dena, kwa ukarimu wake, akamjazia tangi mchanganyiko kabisa ili asihangaike njiani. Lakini safari ya Mambrui ikawa ya Marereni, ikarudiwa kwa kuwabeba jamaa za marehemu, na tangi likapungua sana. Jumamosi asubuhi, kabla ya kuirudisha kwa Dena, Gerishom alipita kwenye kituo cha petroli. Hakutaka kurudisha tangi tupu. Akalijaza petroli mpaka shingoni, kwa moyo safi, akaukabidhi ufunguo kwa Kabibi mlangoni na kwenda zake.

Hapo hapo ikaja simu kutoka Kilifi. Chumba cha barafu cha hoteli moja kilikuwa kimekufa, na samaki wa wageni wamo ndani. Dena alifurahi kama mtu aliyeitwa arusini. Alifungua kifuniko cha tangi, akaona limejaa karibu kama alivyoliacha, akadhani ni mchanganyiko wake ule ule, maana Mambrui si mbali.

"Leo naimaliza saa," alimwambia mkewe. Maana yake ni kwamba angeisukuma sindano ya mwendo mpaka mwisho wake, kwenye barabara iliyonyooka kandokando ya msitu wa Sokoke.

Kabibi alikuwa na dumu lile mkononi, linanuka. Hasira zikampanda.

"Nenda na mke mwenzangu," akamwambia. "Mzikane huko huko!"

Dena akawasha, akainama, akaenda. Tulimsikia mpaka mlio ulipomezwa na mji.

Gerishom alirudi baadaye kidogo na Honda yake, pancha imeshazibwa, kuleta miwani ya upepo ya Dena aliyoisahau mfukoni. Alimkuta Kabibi uani anafua. Juu ya meza ya Dena palikuwa na kitu cha chuma, kidogo, kimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta.

"Shemeji, hii si pampu ya oili?"

"Ndiyo hiyo. Ameing'oa juzi. Siku hizi anachanganya mwenyewe kwenye dumu langu, kama mganga."

Kabibi aliinua macho akamwona ameishika ile pampu kwa mikono miwili.

"Ametia petroli leo?"

"Atie ya nini? Limejaa. Si alikuazima limejaa?"

"Nimelijaza mimi," Gerishom akasema. "Petroli tupu. Mulungu wenu anisaidie, shemeji, nimelijaza mimi."

Kabibi hakuwa fundi, lakini hakuishi na Dena bure. Povu likamdondoka mikononi. Gerishom alikuwa akisema haraka haraka: oili iliyosalia ndani bado ipo, kidogo, ndiyo maana imewaka vizuri. Akienda polepole, anaweza hata kufika Kilifi. Lakini akiifungulia mwendo...

"Ataifungua," Kabibi akasema. "Ataifungua msituni. Ameniambia."

"Hasimami mahali?"

"Dabaso. Kwa Kahonzi. Lazima anywe dafu kwanza, afute macho. Hajapita pale bila kunywa dafu."

Gerishom alikuwa mtu wa simu. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha watu kwa watu. Kwa Kahonzi hapakuwa na simu. Palikuwa na kibanda cha makuti, panga na lundo la madafu. Aliikimbilia Honda, akaikanyaga, na alipogeuka akamkuta Kabibi ameshapanda nyuma yake, leso imefungwa kiunoni, mikono bado mibichi ya sabuni. Yule aliyeapa hatapanda pikipiki maishani.

"Twende!" akapiga kelele. "Unangoja nini?"

Walivyokwenda, mimi niliwaona wakipita nikadhani wanakimbiza mwizi. Honda ile haikuwahi kupelekwa vile. Ililia, ikatetemeka, na bado kila basi lilitaka kuipita. Kabibi alimshika Gerishom mabegani akimsukuma mbele. Hakuogopa kuanguka. Alichoogopa ni neno lake mwenyewe, lile la mzikane, ambalo lilikuwa limeshatoka na halirudi. Kila walipopita mtu kando ya barabara alitaka kumwuliza kama amemwona Dena, lakini hawakuwa na nafasi ya kusimama. Gede wakaipita. Kila kona alitazama chini kutafuta alama.

Dabaso, Kahonzi alikuwa anafagia maganda. Mama huyu aliwaona wakija kwa fujo akasimama na ufagio wake. Juu ya benchi palikuwa na dafu lililotobolewa, na maji bado yakichuruzika kwenye ubao.

"Dena yuko wapi?" Kabibi akauliza kabla Honda haijasimama.

"Kaondoka sasa hivi, mwanangu. Hata dafu hakulimaliza. Kuna nini?"

Hapakuwa na haja ya kumjibu, kwa sababu walimsikia. Sauti ile nyembamba ilikuwa inatoka upande wa msitu. Mabomba yale aliyoyakata mwenyewe yaliwaletea kila kitu. Walisikia gia ikiingia, mlio ukashuka, ukapanda tena. Gia nyingine. Mlio ukapanda juu zaidi, ukawa kama uzi uliovutwa, na Kabibi, ambaye kwa miaka aliujua mlio ule kutoka jikoni kwake, alijua kwamba mumewe hajawahi kufika pale. Alikuwa anaimaliza saa.

Kisha ukakatika.

Haukufifia wala haukugugumia. Ulikatika tu, na baada yake wakasikia ndege wa msituni. Kahonzi akauangusha ufagio. Gerishom alishindwa kukanyaga. Mguu wake uliteleza kwenye kiwashio mara ya kwanza na ya pili, analia waziwazi, na Kabibi akampiga mgongoni kwa ngumi mpaka Honda ikawaka.

Mstari waliuona kabla ya mtu. Ulikuwa mweusi juu ya lami, mnene, umeanza katikati ya njia na kupinda kuelekea msituni. Kabibi aliufuata kwa macho, akiomba usifike kwenye miti. Ukaisha ghafla, kabla ya ukingo. Mbele yake kulikuwa na lami tupu, mbali, na mwisho wa hiyo lami tupu, Yamaha imesimama kwa stendi yake kando ya barabara, inatoa joto. Dena amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu.

Hakuinuka. Hakuwa na jeraha lolote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuliwa mbele ya kifua, na vidole viwili vimekunjwa vigumu, bado vinabana klachi isiyokuwapo.

"Vimebana vyenyewe," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoka usingizini. "Mimi sikufikiri. Kabibi, mimi sikufikiri kitu."

Kabibi aliketi kwenye lami ya moto mbele yake. Aliuchukua mkono ule akaupakata, akaanza kuvinyoosha vidole alivyovicheka miaka yote, kimoja halafu kingine, taratibu, akivisugua kwa ile mikono ya sabuni.

Gerishom alisimama mbali na Honda yake. Hakuthubutu kusogea. Dena alipomwona, alimtazama yeye, akaligeukia tangi, akamtazama tena, na mtu wa ufundi hakuhitaji kuelezwa.

"Ulilijaza," akasema.

"Nililijaza."

"Nami pampu niliing'oa nisikuambie." Dena akajifuta uso kwa mkono wa kulia. "Ndugu yangu, siku nyingine ukiazima kitu changu, nirudishie kitupu."

Alitaka kucheka, akashindwa. Waliisukuma Yamaha mpaka Dabaso, na Honda nyuma yake, watatu, kwa miguu. Dena hakulalamikia kutembea.

Pampu ilirudi mahali pake kabla ya mwezi kwisha. Gerishom aliacha kuja. Tulimwona akipita mbali, kichwa chini, na Dena akienda kumgongea hakufunguliwa. Mwishowe Kabibi alipika pilau, akajaza sahani yake kubwa ya maua, akaipeleka mwenyewe na kuiacha kizingitini.

Ilirudi siku iliyofuata. Gerishom aliileta kwa mikono miwili, imeoshwa ikang'aa, na ndani yake hamkuwa na embe, hamkuwa na hata ndimu. Alisimama mlangoni kama mtu anayengoja hukumu. Kabibi aliipokea sahani tupu, akaitazama, machozi yakamtoka, akageuza uso kuelekea ndani.

"Dena!" akaita. "Mtolee nduguyo kiti."