Pua ya Fundi wa Redio

Fundi redio wetu wa Tororo hana haja ya mita. Hulamba kidole, hugusa vile vibati vya seleniamu vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kisha hunusa. Kwa nini hajafa mpaka leo, sijui. Vibati vyenyewe vikizidi joto ndivyo hufa, na vikifa hunuka mayai viza. "Seleniamu inataka hewa!" humfokea kila mteja, bisibisi karibu na pua ya mtu. "Anayefunika mashine na kitambaa ni mjinga."

Jumapili moja ya mwaka sitini na nne, kipaza sauti alicholitengenezea kanisa kilizimika katikati ya mahubiri, uvundo ukatujaa. Kila mtu alimtazama jirani yake vibaya. Mchungaji akaanza kukemea pepo. Fundi alinusa mara moja tu, akaenda mbele akicheka, akainua juu kitambaa cheupe cha kufuma kilichokuwa kimefunika mashine.

"Mjinga gani ameweka hii?"

"Ni mimi," akajibu mkewe, Felistus, akisimama kwenye kwaya.

Fundi akakikunja kile kitambaa polepole, pembe kwa pembe, akamgeukia mchungaji.

"Endelea kukemea, Pasta. Hii ni pepo."