Mlango wa Baba Mkwe

Siku niliyomkumbatia baba mkwe wangu mchana kweupe naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilimshika kwa mikono yote miwili, nikamvuta kutoka gizani hadi juani, kisha nikaketi chini nikalia. Mwanangu, kama hukuzaliwa huku kwetu utauliza kilio kilikuwa cha nini. Kama wewe ni wa huku, najua umeshaanza kutikisa kichwa.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana habari hii imesimuliwa zaidi na wale ambao hawakuwapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niolewe katika boma moja karibu na Kebirigo. Baba mkwe wangu, Mzee Nyakundi, alikuwa ameendesha malori ya chai upande wa Kericho ujana wake wote. Aliporudi nyumbani alikuja na pikapu kuukuu, na kabla hajamjengea mtu yeyote nyumba mpya aliijengea pikapu. Watu walimcheka kwamba gari lake linalala chini ya mabati na mama yake analala chini ya nyasi. Mama yake, Bibi Kemunto, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuzima lakini ulimi bado, aliwajibu kwamba yeye ana nyama mwilini na gari ni mifupa mitupu, acheni lipate joto.

Mlango wa gereji hiyo haukuwa na bawaba. Ulikuwa wa mbao nzito za mkaratusi, ukining'inia kwenye reli ya chuma iliyopigiliwa juu, na ulikwenda upande kwa magurudumu manne madogo ya chuma, mawili kila upande. Mzee aliona milango ya namna hiyo huko kwenye mashamba ya chai akaipenda. Waliouona ukiwa mpya walisema ulisukumwa kwa kidole kimoja. Nilipoolewa mimi, ulikuwa ukitaka bega.

Sasa sikia jambo la pili, maana bila hilo la kwanza halina uzito. Sisi Wagusii tuna chinsoni, yaani aibu ya heshima kati ya watu fulani, na hakuna aibu kubwa kama ya mkamwana na baba mkwe. Hamshikani mikono. Hampiti pamoja mahali pembamba. Haingii nyumbani mwako wala wewe huchungulii mambo yake. Akija njiani unampisha, ukiwa na neno linapitia kwa mtu mwingine. Si chuki, mwanangu. Ni ua lililopandwa ili watu wanaoishi karibu mno wasikanyagane.

Mimi nilikuwa na macho. Mama yangu alizoea kusema kwamba nikiingia nyumba ya watu naweza kutoka nikamwambia kuna vijiko vingapi. Kila asubuhi nilifagia uwanja, na chini ya ule mlango nikaanza kuona unga wa chuma, laini, wa hudhurungi, kama unga wa wimbi uliomwagika. Nikitazama juu bila kusogea, niliona magurudumu ya upande wa kulia yamelika, yameinama kama meno ya mzee. Baadaye mlango ukaanza kuchora mstari ardhini kila ulipofunguliwa. Nilifagia ule mstari, kesho yake ukarudi umezidi kina.

Sikumwambia mtu. Mume wangu, Ombati, alifanya kazi mjini Kisii na kurudi nyumbani Ijumaa kabla ya Sabato kuingia. Hata yeye sikumwambia, kwa kuogopa asije akauliza nilikuwa nikitafuta nini kwenye gereji ya baba yake. Nilijisifu moyoni kwamba mimi ni mkamwana mwenye adabu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilidhani walisema hivyo juu ya watu wenye hasira.

Hatimaye mzee mwenyewe alichoka kusukuma. Alimwagiza Ombati magurudumu mapya, naye akayaleta kutoka duka moja la vyuma mjini, yamefungwa kwa gunia na kupakwa grisi. Ombati alimwomba baba yake amngoje hadi Jumapili iliyofuata wafanye kazi pamoja. Mzee aliitikia. Ombati alipokwisha ondoka, mzee akachukua spana.

Ilikuwa siku ya soko. Mama mkwe alikuwa amepeleka ndizi Kebirigo. Bibi Kemunto alikuwa ameketi juani upande wa pili wa boma, na mimi nilikuwa naanika nguo. Mzee aliegemeza mlango kwa mti mmoja, ule wa kuzuia mgomba usianguke, akalegeza magurudumu yote mawili ya kushoto kwa wakati mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ardhi ilikuwa laini. Nilitaka kusema. Nakumbuka nilikuwa nimeshika blanketi lenye maji, na neno likiwa mdomoni, nikalimeza.

Mti ulizama taratibu. Uzito wote ukahamia kulia, kwenye yale magurudumu yaliyolika, nayo yakaruka kutoka kwenye reli. Mlango ulianguka ndani, ukambana mzee dhidi ya pikapu, kifuani. Hakupiga kelele. Alikuwa ameuzuia kwa viganja na magoti, na nilisikia pumzi yake ikitoka fupi fupi.

Nilikimbia hadi mlangoni nikasimama. Aliniona. Akasema kwa sauti ndogo, "Mkamwana, rudi nyuma. Nenda kamwite mwanamume."

Mwanamume wa karibu alikuwa ng'ambo ya mto. Niliutazama mlango, nikatazama magoti yake yakitetemeka, nikajua kwamba nikimtii nitarudi na watu wa kubeba maiti. Hii ndiyo mara pekee niliyomkaidi. Nilichukua gogo la kuni nikalisukuma chini ya mlango hadi ukainuka kidogo. Kisha, na usinicheke, nikachukua lile blanketi lenye maji nikalitupa mabegani mwake ili ngozi yangu isiguse yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa, nikavuta. Mahali penyewe palikuwa pembamba kuliko njia ya mbuzi. Tulipotoka juani, mlango ulimaliza kuanguka nyuma yetu.

Hapo ndipo nilipolia. Yeye alijikunja ndani ya blanketi akanipa mgongo.

Habari ilivuka mto kabla ya jua kutua. Mama mkwe aliporudi alisikiliza mpaka mwisho, akamkanda mzee kifua kwa maji ya moto, kisha akaja jikoni kwangu akaniambia, bila ukali, kwamba nifunge nguo zangu chache. Huenda ingenipasa kwenda kwetu hadi wazee waamue kama jambo hili lina kutakaswa kwa damu ya mbuzi au halina. Watu wa kanisa wangesema hakuna cha kutakasa, watu wa ukoo wangesema kipo, na mimi ningekaa kwa mama yangu wakibishana. Nilijua wasichana waliokwenda kungoja hivyo wakazeeka wakingoja. Mzee naye alijifungia nyumbani mwake, akakataa chakula.

Nilikuwa nafunga nguo Bibi Kemunto aliponiita. Kwa utani wa bibi na mke wa mjukuu, mimi nilikuwa mke mwenzake.

"Mke mwenzangu," akasema, "huo mlango ulianza kuugua lini?"

"Tangu mavuno ya wimbi, bibi."

"Na ulimwambia nani?"

Nikamjibu kwamba sikumwambia mtu, kwa sababu ya heshima.

Alicheka mpaka akakohoa. "Unadhani wananianika hapa juani kila siku kama mahindi kwa nini? Mimi ni mama yake, namtukana nikitaka. Wewe tunataniana. Ungeniambia asubuhi, adhuhuri angejua, wala asingejua ni macho ya nani yaliyoona. Ulikuwa na njia, mtoto. Umeiacha imeota nyasi, mwisho umelazimika kuruka ua. Usilie kwamba umeruka. Lia kwamba njia ilikuwapo."

Sijawahi kukemewa na mtu mwingine kwa maneno machache hivyo yakanitosha miaka mingi hivi.

Kisha akaomba fimbo yake. Alitembea polepole, mimi nikimfuata kwa mbali, hadi mbele ya mlango wa mwanawe, akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani waliokuwa wamejifanya wanatafuta ndama, "Nyakundi, mimi nilikushika kabla ya msichana huyu, ukiwa huna hata blanketi, na sikukuomba ruhusa. Toka ule."

Jirani mmoja alicheka, halafu wote. Baada ya kitambo mlango ulifunguka. Mzee alitoka, akakaa, akala uji bila kumtazama mtu. Mama mkwe alikuja akachukua furushi la nguo zangu kutoka mkononi mwangu akalirudisha ndani.

Jumapili Ombati na baba yake waliurudisha mlango. Safari hii waliweka jiwe bapa chini ya kila mti wa kuegemeza, na kila gurudumu lilitolewa peke yake na jipya kuwekwa kabla ya kugusa la pili, ili mlango usikose kushikwa. Shida ilibaki moja: aliye chini ya reli haoni kama mlango umelala sawa. Nilikuwa karibu na migomba nikimenya viazi. Mzee, akiwa amelitazama paa, alisema na kuku aliyekuwa akipita.

"Kuku, wewe unayeona vizuri, huu mlango umenyooka?"

Ombati alishusha spana. Mimi nilimtazama yule kuku. "Kuku," nikasema, "mwambie anayeuliza kwamba upande wa kushoto uko juu, upana wa kidole."

Waliushusha kwa upana wa kidole. Mzee akausukuma, ukaenda hadi mwisho wa reli kwa mlio mwembamba kama wa nyuki. Tangu siku hiyo, kwa miaka yote iliyobaki, kila alipotaka kujua jambo aliuliza kuku, na kuku wa boma lile wakajulikana kwa akili nyingi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Heshima ni ua, na ua wa watu wenye akili huwa na mlango. Utafute mlango huo mapema, wakati neno lako bado ni dogo kama unga chini ya reli. Kama huwezi kumwambia baba, mwambie mama. Kama mama hasikii, yuko bibi, yuko shangazi, yuko hata kuku. Mficha uchi hazai, na mficha alichokiona hazuii kitu. Na siku mlango ukiwa umeshaanguka, usiulize kwanza desturi inasemaje. Toa mtu. Desturi itakuja baadaye na fimbo yake, polepole, na ikiwa ni desturi njema itakupeleka mbele ya watu na kukutetea. Vitu vya nyumbani navyo vitengeneze vikiwa bado vinalalamika, kimoja kimoja, na usilegeze cha pili kabla cha kwanza hakijashika.

Mungu akupe macho yanayoona, na mtu wa kumwambia ulichoona. Akupe wakwe wenye haya na bibi asiye na haya. Nyumba yako isiwe na mlango unaolia peke yake.

Liko jambo moja nisilolijua hadi leo. Juma lile lile, beberu mweusi wa Mzee Nyakundi alitoweka zizini. Mzee alisema amemuuza kwenye soko la Birongo. Mama mkwe, ambaye hakuna mbuzi aliyetoka bomani asijue, hakujua lolote juu ya huyo. Bibi Kemunto, nilipomuuliza, aliniambia kwamba yeye ni kipofu. Wote watatu sasa wamelala chini ya migomba ile, nami sijui kama beberu yule aliuzwa, au alichinjwa mahali fulani, kimyakimya, ili mimi nibaki.