Wimbo Usioitikiwa na Dada

Usiniambie nilikuwa na usingizi. Nimechoka na watu wa kuniambia hivyo. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mtaa wa Umbilo huku ugenini, mwaka 2011, na mpaka leo nina hasira.

Kaka yangu Faustin alikufa kwa ugonjwa wa figo. Matanga tukaweka kwenye flati yetu. Chini yetu aliishi Mama Ileana, bibi wa Romania, mteja wangu wa saluni. Kila nikimwosha nywele ananisimulia wimbo wa msiba wa kwao. Kabla jua halijatoka, wanawake wanasimama kutazama mashariki, wanaiomba alfajiri isiharakishe, imngoje maiti ajiandae kwa safari, kisha wanamwelekeza njia, mti kwa mti. Niliupenda sana, hata kiitikio akanifundisha.

Alfajiri ya mazishi nilishuka uani kuosha sufuria. Nikamkuta Mama Ileana na mshumaa, anaimba. Kwa kumuuguza Faustin hospitalini nilikuwa sijamwona siku nyingi, nikadhani alisafiri. Majirani wengine walikuja kulalamika kelele tu, yeye peke yake kaja kumwimbia kaka yangu! Sasa kwetu Uvira, watu waimbe kwenye msiba wako na wewe unyamaze, si utaitwa mchawi? Nikaitikia kwa sauti yangu yote.

Akageuka, akaniziba mdomo. Mkono wake ulikuwa baridi kama nyama ya friji.

"Wewe ni dada yake," akasema. "Wimbo huu wanauimba wasio ndugu. Ndugu akiimba, maiti anarudi."

Jua likatoka. Mkono hakuna, bibi hakuna. Nikamuuliza mlinzi wa jengo, akanitazama vibaya. "Eish, yule bibi si alizikwa wiki iliyopita?" akaniuliza.

Faustin tulimzika. Lakini kila alfajiri mlango unagongwa polepole, na sauti yake ileile ya kuumwa inauliza, "Dada, umeniita?" Nilihamia mtaa mwingine, Isipingo, akanifuata. Pasta ameomba mpaka amekauka koo. Kaka yangu amechoka, anataka kwenda, na sauti yangu ndiyo inayomshika.

Mama Ileana, miezi yote ile ulinieleza mpaka miti ya njiani, hilo moja ukaliacha! Sikusamehe, popote ulipo.

Na wewe unayenisikiliza, ukiupenda wimbo wa msiba wa watu, uliza kwanza ni nani hatakiwi kufungua mdomo. Mimi kila alfajiri nauma shuka, nisije nikamjibu.