Kaske ya Kapita

Kaske, ile kofia ngumu, ilikuwa moja tu kwa watu wote wa shantie yetu ya ujenzi, na ilining'inia kwenye msumari ndani ya depo. Ilikuwa nyeupe, imekwaruzika upande mmoja. Aliyekuwa akiivaa, kapita aliyetusimamia zamani, alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi mgodini, na hakuna aliyemlaumu. Kule walipewa nyumba ya kambi, posho ya unga, hospitali ya watoto, na kila mtu alikuwa na kaske yake. Waashi wenye mkono mzuri walituponyoka hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kampuni ndogo kama yetu ilifundisha watu, kisha mgodi ukawachukua. Walibaki wazee, wanagenzi, na sisi wawili: mimi na mwashi mwenzangu mmoja, yule wa Kipushi.

Patron, mwenye kampuni, alitangaza kwamba mmoja wetu ataivaa kaske ile baada ya sherehe ya Chama. Tangu siku hiyo chakula hakikunishuka vizuri.

Niseme wazi jinsi nilivyo. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikiona tofali moja limeinama kiasi cha unene wa kucha, nabomoa mstari mzima, na wanaonisubiri na chokaa mikononi wananitukana kimoyomoyo, wengine kwa sauti. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuangalia mikono ya wengine, halafu kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada nilichokiokoa sokoni kwa mama aliyekuwa akikichana ili kufungia karanga. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshaondoka na karanga. Ndiyo maana nilijua habari za mapaa na ngazi kabla sijajua msingi unavyochimbwa.

Yule wa Kipushi hakuwa na kitabu. Alikuwa na mluzi. Siku za kumwaga beton, yaani zege, tulijipanga mstari na kupokezana ndoo, na yeye alipoanza kupiga mluzi wake ndoo ziliruka zenyewe. Siku niliyoongoza mstari mimi, watu walipokezana ndoo kama wanapokezana maiti. Mama aliyetuuzia mikate asubuhi alimwongezea mmoja kila siku. Mimi alinirudishia chenji yangu kamili. Nilimwonea wivu yule wa Kipushi kwa kicheko chake, kwa mabega yake, kwa namna alivyokumbuka watoto wa watu. Niliwahi kujificha nyuma ya lundo la mchanga nijaribu mluzi ule. Nilisikika kama birika linalochemka.

Patron wetu hakuwa mtu mbaya. Kabla ya hapo aliuza samaki wa Kilwa, ile Kilwa ya kwetu kando ya ziwa, na mali za wageni zilipogawanywa kwa wananchi, yeye akaangukiwa na kampuni yetu, pamoja na mashine ya kuchanganyia beton, lori na kaske. Samaki walikuwa wamemfundisha kufanya haraka. "Samaki haingoje muntu," alituambia kila tulipochelewa, na alisema hivyo hata kwa ukuta.

Kazi yenyewe ilikuwa jukwaa ambalo juu yake mkubwa kutoka Kinshasa angesimama kutazama wafanyakazi na wanafunzi wakipita. Lilikuwa na paa la beton lililotoka ukutani na kuning'inia mbele bila nguzo hata moja, ili mtu asizuiwe kuona. Saruji ilichelewa, kwa hiyo paa lilimwagwa wiki ile ile ya ugeni. Nao ulikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi, asubuhi maji ya pipa yanauma vidole. Katika baridi ile beton inachelewa kushika. Chini ya paa tuliacha miti ya kalitusi iliyolibeba, bado ina maganda yake, safu kwa safu.

Mjumbe wa Chama alikuja kukagua, abakosi yake, koti la Chama lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Akatazama ile miti.

"Hii miti itatoka siku gani? Mukubwa atasimama mu pori?"

"Kesho, citoyen," alijibu patron. Siku zile hatukuitana bwana, ila citoyen, mwananchi.

 Nilikuwa nimepanda asubuhi kukwaruza ukingo wa lile paa, na kucha yangu iliingia. Nikasogea mbele. Sentensi nilikuwa nimeiandaa, ya kuomba miti ibaki, na niliisema kwa Kifaransa cha kitabu, yote, bila kosa, na maneno marefu yote mahali pake. Nakiri kwamba nilitaka paa lisianguke, na nilitaka pia wasikie Kifaransa changu.

Mjumbe alimgeukia patron. "Uyu kijana anasema nini? Anakataza kazi ya Chama?"

Siku zile swali kama hilo halikuwa dogo. Watu walikuwa wameitwa wahujumu kwa maneno machache kuliko yangu.

"Hapana, citoyen," nilisema. Patron akanifukuza kwa macho.

Saa ya chakula nilikaa karibu na yule wa Kipushi. Sikumpenda, lakini hofu ilikuwa imenizidi, nikamwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake.

"Yaya, ile dale ya paa ingali mbichi. Kucha yangu inaingia."

"Juu ya kucha yako iko ndefu."

"Sicheki. Bakitoa miti kesho, itaangukia bantu."

Akaacha kutafuna. "Sema tena. Polepole. Na bila Kifaransa."

Nikasema tena: baridi, saruji iliyochelewa, uzito ulioning'inia mbele bila kitu cha kuushika. Aliuliza maswali mawili matatu, yote ya maana. Kisha akainuka, mkate bado mdomoni, akaelekea kwenye lori walikosimama patron na mjumbe. Nikamfuata nyuma.

"Patron, weye njo muntu wa Kilwa. Niulize kintu moja ya samaki?"

Patron akacheka. "Uliza."

"Samaki ya moshi. Inje inaonekana ya kukauka, muzuri kabisa. Ndani ingali mbichi. Ukiitoa ku moshi leo, ukaipakiza mu lori, itafika Lubumbashi?"

"Itafika funza tupu," alisema patron. "Ile ni kazi ya bantu ba pupa."

"Aya. Ile dale iko vile. Inje imekauka, ndani ingali mbichi. Na kwa hii baridi, moshi iko kidogo."

Patron aliinua kichwa akalitazama paa kama analiona mara ya kwanza. Naapa alilinusa.

"Na mukubwa?" aliuliza mjumbe, uso umekaza. "Atasimama mu pori?"

"Hapana, citoyen. Ile miti tutaivalisha. Bamama ba animation beko na bitenge ya Chama, ya kijani. Kila muti, kitenge yake. Mukubwa atasema: hapa kuko nguzo."

Mjumbe alirudi kuitazama miti. Nilitazama mikono yake. Halafu midomo ikaanza kumcheza, akacheka, na patron akacheka kwa sababu mjumbe amecheka.

"Na maua chini?"

"Na maua chini, citoyen."

Hivyo tu. Niliyoyasema mimi yote yakapita, na hakuna aliyenitupia jicho.

Bamama wa kikundi cha kucheza ngoma za Chama walikuja kuivalisha miti, wakaikazia vitenge kiunoni kwa utani. "Uyu wangu iko mwembamba kama bwana yangu!" mmoja alipiga kelele. "Lakini uyu anasimama!" akajibiwa, na wote wakaangukiana kwa kicheko, na yule wa Kipushi katikati yao akishika pini.

Siku ya sherehe nilisimama karibu na ukuta, macho juu, wakati watu wote wakitazama mbele. Mkubwa alipanda jukwaani. Walipoimba aliimba, walipocheza alicheza, na paa juu yake halikutoa hata vumbi. Aliigusa nguzo moja kwa kiganja, akasema mbele ya kipaza sauti kwamba hivi ndivyo ujenzi wa kwetu, wenye asili yetu, unavyopaswa kuwa. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Jumatatu patron alitungua kaske kwenye msumari.

"Kapita ni muntu mwenye bantu banamusikia," alisema, akamvalisha yule wa Kipushi. Kichwa chake ni kikubwa. Kaske ilikaa juu kama kifuniko kidogo kwenye sufuria kubwa, na watu wakashangilia.

Nyumbani nilimkuta mama akichambua maharage. Mama yangu alizaliwa Mitwaba na hana haraka ya kumhurumia mtu.

"Ameniiba, mama."

"Ameiba nini?"

"Maneno yangu. Miye njo nilijua ile dale ingali mbichi."

Akatupa jiwe dogo pembeni. "Na samaki? Ilikuwa yako?"

Nikaokota jiwe jingine kwenye maharage, nikalitupa.

"Na bitenge?"

Niliondoka nikakaa nje. Ningevumilia kama angekuwa mwizi mtupu. Wiki nzima niliyapanga upya mazungumzo yale kichwani, nikimtafutia mjumbe maneno mengine, na kila mara nilirudi na Kifaransa kile kile. Samaki asingenijia. Kitenge kisingenijia kamwe. Miti ile mimi niliiona kama miti tu.

Ilipofika siku ya kuitoa ile miti, baridi ilikuwa imepungua na vitenge vimeshachukuliwa na wenyewe. Niliomba kuingia chini mimi. Paa la namna ile linaanziwa kutolewa miti mbele kabisa, kwenye ncha, kisha unarudi kidogo kidogo kuelekea ukutani. Ukianzia ukutani, unaweza kulipasua. Ukurasa huo haukuwa umekwenda na karanga.

"Bon," alisema kapita. "Weye njo utaongoza. Bengine bote, mbali!"

Kabla sijainama alivua kaske, akanikandamizia kichwani na kuipiga kwa juu, pwa!

"Vaa, mudogo. Weye unaogopa zaidi."

Wote walicheka. Ndani ilikuwa na joto la kichwa chake na harufu ya mafuta yake ya nywele. Ilinikaa sawasawa, mpaka juu ya masikio, kama ilipimwa kwangu. Aliitoa bila hata kufikiri, kitu nilichokitamani mpaka chakula kikanishinda.

Nikagonga kabari ya kwanza. Mti ukalegea, nikaulaza chini. Wa pili. Wa tatu. Nitasema na hili: nilitamani kusikia mlio mmoja mdogo juu yangu, ufa wa kuonekana tu, ili wote wajue kilichokuwa karibu kutokea siku ile. Paa lilinyamaza. Nilifika ukutani, nikautoa mti wa mwisho, na lilibaki pale juu imara, kama halijawahi kuwa na shida na mtu.

Nilipotoka kwenye jua alianza mluzi wake, na wenzetu wakauchukua, wakanipiga mgongoni. Nilifurahi kidogo. Halafu nikatambua kwamba hata furaha hiyo yeye ndiye aliyeianzisha.

Jioni alininyooshea mkono. "Kaske, mudogo."

Nikampa. Njiani niliendelea kuusikia uzito wake kichwani, na nilipofika mahali ambapo hapakuwa na mtu nilikaza midomo, nikajaribu tena mluzi ule.

Bado ilikuwa birika.