Nyene wa Sauti za Mwajabu

Tangu Jeanne aondoke, studio ya redio mjini Kasulu imekosa kicheko kimoja: kile alichokuwa akikitoa kompyuta inapomnyima mtu ruhusa. "Imekukatalia, eeh?" alikuwa akisema, hata hageuki. Khatibu, meneja, bado hukitupia jicho kiti cha binti huyo cha dirishani.

Jeanne Nizigiyimana ni mtoto wa wakulima wa Kumsenga, kule Kibondo. Alipoajiriwa kuwa fundi wa kompyuta, mashine za redio, zinazotumia mfumo wa Linux, zilikuwa wazi kwa kila mkono. Humo ndimo zilimokuwa salamu na vipindi vya asubuhi vya Mwajabu, marehemu mke wa Khatibu. Nakala nyingine haikuwapo.

Jeanne akayafunga mafaili yote: kila mtu asikilize, asibadilishe yeyote. Venanti, mtangazaji wa michezo, akamcheka.

"Dada, umefunga nini sasa? Tazama!"

Akachagua kipindi chake mwenyewe cha jana, akabonyeza. Kikafutika.

Jeanne akaangua kicheko. "Ewe Venanti! Nimefunga sanduku, nyumba nikaiacha wazi. Umebeba sanduku na kufuli lake."

Akaifunga na folda yenyewe ya vipindi vya Mwajabu, akaikabidhi kwa akaunti aliyoiita Nyene, yaani mwenye mali kwa Kiha. Akajiondolea na yeye ruhusa ya kufuta.

"Hata wewe, binti?" Khatibu akashangaa.

"Hata mimi, mzee. Siku nikichoka, mkono wangu nao unafuta." Nywila ya Nyene akamwachia Khatibu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Venanti, akitafuta nafasi kwenye kompyuta ya kurekodia mpira, aliingia folda isiyo yake, akachagua vyote, akabonyeza kufuta. Alimjia Khatibu mbio.

"Mzee, nisamehe. Ni vipindi vya mama Mwajabu. Nilishabonyeza."

Khatibu alikwenda mbele ya kompyuta. Kwenye kioo paliandikwa: huna ruhusa. Akafungua faili la kwanza, na Mwajabu akawaamkia watu wa Kasulu, "Mwakeye," kwa sauti ile ile iliyojaa usingizi kidogo.

Siku hizi mgeni akifika studio, Khatibu humkalisha kwenye kiti cha dirishani. "Jaribu kufuta," humwambia. Mgeni hubonyeza, mashine hukataa, naye mzee hucheka mpaka kofia inapinda. "Hiyo ni kazi ya binti yetu wa Kumsenga!"

Jeanne sasa yuko Kakonko, anasimamia kompyuta za kituo cha afya.